Picha Alizotoa Nekesa

Haya aliniambia Triza Nekesa mwenyewe, Jumamosi ile kabla ya Pasaka, tukiwa tumekaa mlangoni pangu hapa Mbotela, mimi nikichambua kunde. Kwao Kaloleni si mbali, lakini alikuja kwangu kwa sababu huko hapakuwa na mtu wa kumsikiliza. Nimeandika alivyosema. Pale aliponyamaza, nami nimenyamaza.

Siku ya kwanza alikuwa amekaa juu ya tofali nje ya geti la godauni moja Industrial Area, jua likimpiga utosini. Kamera yake ilikuwa ndani ya kikapu, imefungwa kwa leso, na juu ya leso kulikuwa na majani ya sukuma wiki, ili mtu akichungulia aone mboga tu. Hivyo ndivyo alivyotembea nayo. Tangu asubuhi alikuwa na chai ya rangi tumboni, basi. Malori yaliingia, malori yakatoka, kila moja likamwachia vumbi lake.

Kazi ilikuwa imekauka. Zamani hapakuwa na ubatizo wala harusi wala matanga Kaloleni bila Nekesa. Siku hizi kila mtu ana simu, na picha za simu hazilipiwi. Mumewe Laban alikuwa kibarua wa usiku kiwandani, siku akiitwa. Siku asipoitwa, mtoto wao Job alikwenda shule na maji moto.

Hapa niseme kitu kimoja. Sisi wa huku hatusemi sana kupiga picha. Tunasema kutoa. Nitoe picha, mama. Hii nani alikutoa? Nekesa alinitoa. Ndivyo tulivyokuta watu wakisema, na hakuna aliyewahi kuona shida.

Mukami alitoka mchana. Ndiye aliyekuwa akishughulika na wananchi katika kampuni iitwayo Pambazuko Makao, ile iliyotaka kubomoa nyumba za zamani na kujenga maghorofa. Msichana mzuri, kucha ndefu, kicheko karibu.

"Mama Job! Niaje? Mbona umekaa juani kama muuza mayai?"

"Askari alisema ningoje."

"Pole, dear. Sikia, kazi iko. Tunataka nyuso za Kaloleni. Wazee, akina mama, kila mtu mlangoni kwake."

"Nataka tuelewane kwanza," Nekesa alisema. "Malipo. Halafu picha zinaenda wapi."

"Zitaenda wapi? Ukutani, pale hall ya mtaa. Ukumbusho. Si hizo ni nyumba za babu zenu?"

"Na zikitoka hall?"

"Zinaingia kwa sanduku. Ai, unaniuliza kama polisi!"

Nekesa hakucheka. Mwaka wa mafuriko alikuwa ametoa picha ya mama akiwa juu ya kabati na watoto wake. Ilitokea gazetini ikiwa na jina la mwanaume asiyemjua. Alipokwenda kudai, aliulizwa ana ushahidi gani. Kwa hiyo hofu yake yote ilikuwa hapo, jina lake lisiibwe tena.

"Nataka iandikwe kwamba ni zangu. Na hazitumiki mahali pengine bila kuniuliza."

"Makaratasi yatatuchelewesha, mpaka wakubwa waweke sahihi," Mukami alisema. "Tufanye hivi. Siku ukileta, utasema kwa simu yangu, kwa sauti yako, kwamba ni wewe. Nani atakataa sauti yako?"

Nekesa alifikiri. Sauti haifutiki na kuandikwa jina la mtu mwingine. Akakubali. Nusu ya malipo alipewa papo hapo, nusu akaambiwa akileta.

"Jambo dogo," Mukami alisema wakiagana. "Kila mtu ashike ufunguo wa nyumba. Mkono mbele, hivi. Acheke."

"Ufunguo wa nini?"

"Si wa nyumba? Mtu akisimama mikono mitupu, picha inakaa kama ya kitambulisho."

Huo ufunguo ulimkaa Nekesa akilini njia nzima. Lakini alikuwa ameshapitia dukani kununua unga.

Jirani yake Khadro ndiye aliyekuwa mgumu. Alikuwa anauza madera karibu na stendi, na kwa vile mama yake alitoroka vita akamzalia hapa Nairobi, alikuwa hapendi uso wake ukae mahali asipopajua.

"Abaayo, dada yangu, mimi sitaki picha ya kampuni. Leo picha, kesho lori linakuja."

"Ni ya hall tu, Khadro. Mimi ndiye nakutoa. Kwani kuna siku nimekutoa vibaya?"

"Harusi ya ndugu yangu Ifrah ulinitoa mdomo wazi nakula."

"Kwa sababu ulikuwa hujaacha kula!"

Khadro alicheka mpaka akashika mlango, na hapo Nekesa akamtoa. Ufunguo mkononi, mkono mbele, meno yote nje. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kutoa. Mzee Luseno wa nyumba ya pili, mstaafu wa reli, alikuwa ameegemea fimbo yake akitazama.

"Mbona wanataka funguo zetu?" aliuliza.

"Hawazitaki, mzee. Ni kushika tu."

"Mimi nimefanya kazi reli. Mtu akikwambia shika tu, jua atarudi." Lakini naye alisimama, akafunga kifungo cha shati, akanyoosha ufunguo wake.

Siku ya kupeleka picha, Mukami aliweka simu mezani, ikiwa na ile alama nyekundu ya kurekodi.

"Sema jina lako, halafu useme kuhusu picha."

Nekesa alisogea karibu. Alitaka kila neno liingie. "Naitwa Triza Nekesa wa Kaloleni. Picha hizi zote nimetoa mimi. Nimetoa mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa hiari yangu, hakuna mtu mwingine. Mtu asije kesho akasema hazikutolewa na mimi."

"Safi sana," Mukami alisema, akazima.

"Na nusu yangu?"

"Iko kwa wahasibu. Enda tu nyumbani, Mama Job."

Kisha wiki zikapita kimya. Hall ya Kaloleni haikuwekwa hata picha moja. Kila Nekesa alipopita pale alichungulia dirishani, akaona viti vya plastiki na kibao cha kwaya. Akampigia Mukami, simu ikaita bila kupokelewa. Akajiambia labda wanatengeneza fremu.

Asubuhi moja aliona watu wamesimama kwenye uzio wa mabati ambao kampuni ilikuwa imezungushia uwanja wa mtaa. Akadhani kuna ajali. Watu walimpisha, na hakuna aliyemsalimia.

Mabati yote yalikuwa yamefunikwa na turubai. Juu yake alichapwa Khadro, mrefu kuliko mlango, anacheka, ananyoosha ufunguo. Pembeni yake Mzee Luseno na kifungo chake. Na wengine, na wengine, wote wakinyoosha funguo kwa anayepita. Chini yao maandishi makubwa ya kijani: KALOLENI TUMEKUBALI. TUNAKABIDHI KWA FURAHA.

Khadro alikuwa amesimama mbele ya uso wake mwenyewe. Alinyoosha mkono aguse turubai, na askari mgeni mwenye rungu akasema, "Mama, toka hapo. Hiyo ni mali ya kampuni."

"Hii ni sura yangu."

"Sura iko hapo juu ni ya kampuni. Yako si unatembea nayo?"

Vijana wawili walicheka, kisha wakaacha. Khadro aligeuka akamwona Nekesa.

"Uliniambia ni ya hall."

"Ndivyo walivyoniambia. Walahi, Khadro, mbele ya Mungu."

"Usiniapie kwa kiapo cha dini yangu." Alisema polepole, kama anayesoma bei. "Jumamosi mkutano ni wa kusema kama tunahama au hatuhami. Mimi nimeshasema. Nimesema hapo, nikicheka."

Nekesa hakurudi hata nyumbani. Alikwenda godauni kwa miguu, na safari hii hakuketi kwenye tofali. Alipiga geti mpaka Mukami akaja kumwingiza. Ofisini alikuwako mwanaume wa tai, anakula njugu karanga, akimenya moja moja. Mukami alisema ni wakili.

"Mama, karibu. Shida ni nini?"

"Picha zishushwe kabla ya mkutano. Sikuwaruhusu kuzitumia hivyo. Tulisema hall."

"Nani alisema hall?"

"Mukami."

Mukami alitazama simu yake. "Tulizungumza mambo mengi siku hiyo," alisema.

Wakili alifuta mikono kwa kitambaa, akagusa simu, na sauti ya Nekesa ikajaa chumbani. Nimetoa mwenyewe. Kwa mikono yangu. Kwa hiari yangu. Aliisikiliza yote, na akaona jinsi ilivyokuwa na furaha.

"Si ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi umezitoa."

"Nimezitoa, ndiyo. Ni mimi mwenye kamera."

"Mama, Kiswahili chetu ni kizuri. Mtu akitoa sadaka kanisani, Jumapili ijayo anarudi kuidai?"

"Mimi sijatoa sadaka. Mimi nimetoa picha!"

"Ndiyo hayo tunayosema sote," wakili alisema kwa upole, akachukua karanga nyingine.

Nekesa alimgeukia Mukami. "Mwambie. Wewe umekulia Mbotela. Ulipokuwa mtoto, ukienda studio ulikuwa unasemaje? Mama yako alikuwa anasemaje?"

"Inategemea," Mukami alijibu.

"Inategemea nini?"

Wakili alimwambia Mukami maneno ya Kizungu, marefu, bila haraka, kama Nekesa ametoka chumbani. Nekesa aliambulia moja tu, *given*, yaani kitu kilichotolewa na kupewa mtu, lililorudi mara nyingi. Kisha simu ya Nekesa ikalia kikapuni. Ujumbe wa pesa. Ile nusu iliyobaki imeingia.

"Hivyo tumemalizana," wakili alisema.

"Sijakubali. Rudisheni."

"Imeshaingia, mama. Pesa ikishaingia, umepokea."

Mukami alimsindikiza hadi kwenye ngazi. Hapo alishusha sauti. "Mimi najua ulimaanisha nini, Nekesa. Hata yeye anajua. Lakini ukienda kortini, wataandika kwa Kizungu, na kwa Kizungu hiyo maana yenu haina mahali pa kukaa. Usijichoshe. Kuna kazi nyingine Jumatatu. Watu wakihama, tunataka mtu wa kuwatoa picha wakipanda lori. Wewe wanakujua, watacheka."

"Na mkutano?"

"Mkutano wa nini tena? Si kila mtu ameona mabati?"

Njiani Nekesa alijaribu kurudisha ile pesa kwenye nambari iliyoituma. Simu ikamjibu kwamba nambari ya ofisi haipokei pesa. Alijaribu tena akiwa amesimama chini ya mti wa nyaya za stima, watu wa viwandani wakimpita na vyakula vyao vya mchana. Job alikuwa nyumbani. Tangu jana alikuwa amekula uji tu. Nekesa alisimama pale dukani muda mrefu, hata mwenye duka akamuuliza kama anaumwa. Akanunua unga, mafuta, na mayai.

Nekesa alipofika, Khadro alikuwa ameketi mlangoni pake mwenyewe. Hakutazama uso. Alitazama mfuko wa plastiki, mayai yakionekana.

"Leo mnakula," alisema.

"Khadro, nisikilize. Walicheza na neno..."

"Mimi sijui maneno yenu. Najua mlikuwa hamna, na sasa mnayo." Aliinuka, akakung'uta buibui lake, akaingia kwake. Baada ya muda mfupi alirudi na bahasha, akaiweka chini, kwenye kizingiti cha Nekesa. 

Ndani zilikuwa picha za harusi ya Ifrah. Zote. Hata ile ya Khadro anakula.

Nekesa alizibeba zote hadi mlangoni kwa Khadro, akabisha. Alisikia mtu akipumua upande wa pili, na kitasa hakikusogea.

Aliporudi, palikuwa na nyingine kizingitini: ubatizo wa wajukuu wa Luseno, ikiwa na fremu yake, na msumari wake bado umeshika chokaa ya ukuta. Jua lilianza kushuka, na watu wakawa wanakuja. Hawakuja kwa kelele. Mama mmoja alituma mtoto. Mwingine alikuja mwenyewe, akaweka, akaenda. Darasa la nasari likiwa limevaa majoho ya karatasi. Timu ya mpira ya mtaa. Marehemu Roseline ndani ya jeneza, nyota ya maua kifuani, picha ambayo mwanawe alikuwa ameililia siku alipopewa. Nekesa alimkimbilia huyo kijana.

"Hii ya mama yako, kaa nayo. Hii si ya kampuni."

"Sitaki uwe na picha yetu yoyote," kijana alisema. "Hatujui kesho utasema ulitoa nini."

"Lakini ukiniachia ndiyo ninayo!"

Kijana aliondoka.

Laban alikuwa ameitwa kazini jioni ile. Alipita katikati ya picha akiangalia asikanyage, akaahidi watazungumza asubuhi. Job alikula mayai mawili, akalala kwenye mkeka wake bila kuuliza. Nekesa hakuwa na meza ya kutosha. Alizipanga kitandani, familia kwa familia, kila moja mahali pake kama zilivyokaa kwenye nyumba zao, mpaka blanketi likafunikwa lote na mto pia. Mahali fulani chini yao simu ilianza kuita. Alijua ni Mukami, kuhusu Jumatatu. Aliacha iite. Ikanyamaza, ikaita tena, nyuso za juu yake zikawa zinatetemeka kidogo.

Alikuwa hajasema ndiyo. Hata mimi alipokuwa ananisimulia, alikuwa hajasema hapana.

Alitandika leso sakafuni, kati ya kitanda na mkeka wa mtoto, akageukia ukuta, akalala.