Honi Bafuni

Mwaka wa 1979, kabla sijamfungia honi, mama yangu alianguka mara mbili, na mara zote mbili akamsingizia paka. Nyumbani kwetu hapajawahi kuwa na paka.

Mara ya kwanza alijikwaa kwenye mlango wa jikoni, akainuka mwenyewe, akaendelea kuchambua mchele. Hiyo tuliicheka. Ya pili haikuchekesha. Aliteleza bafuni baada ya sala ya adhuhuri akalala sakafuni mpaka alasiri, anaita, na sauti yake inamezwa na mashine ya kusaga posho iliyo nyuma ya ukuta. Mimi nilikuwa hatua mia mbili tu kutoka pale, sokoni, nikibishana na mtu juu ya magunia ya maharagwe. Nilipomkuta alikuwa amemaliza kusoma sura zote anazozijua na ameanza nyimbo za harusi. Nasema kweli, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na mimi si mtu wa aibu.

Jina langu ni Bile. Nina lori moja, maneno mengi na hasira za karibu. Lori hubeba mizigo na abiria kutoka Isiolo mjini mpaka Kulamawe, kazi aliyoianza babu alipovua sare za jeshi la Mwingereza. Mama yangu ni Halimo, ila sisi watoto humwita Hooyo, kama Wasomali wote wanavyowaita mama zao. Anaishi peke yake katika nyumba ya mabati aliyojengewa na marehemu baba. Mke wangu alishajitolea kuhamia kwake. Hooyo alimwambia jiko moja halina wapishi wawili, na mazungumzo yakaishia hapo.

Habari za kuanguka zilifika Nairobi kabla kidonda cha kiwiko hakijakauka. Dada yangu Falis, kifungua mimba wetu, anakaa Eastleigh, ghorofa ya tatu. Alimpa dereva wa basi barua, na barua yenyewe haikuwa na salamu: "Bile, Jumanne nakuja kumchukua Hooyo. Kama kumtunza kumekushinda, ungesema mapema."

Nilimsomea Hooyo. Akautoa mswaki mdomoni.

"Ghorofa ya tatu," akasema. "Yaani nikae huko juu na njiwa, nishuke siku ya kuzikwa? Bile, mimi nikitoka hii nyumba, nimeisha. Wewe unajua."

Nilijua. Hapo ndipo anapojua kila tundu la bati na kila mtu anayepita. Ukimtoa hapo utakuwa umechukua koti lake tu. Nikahesabu, nikaona nina siku tano.

Ujenzi siujui. Ninachojua ni lori, kwa hiyo nilimrekebishia mama nyumba kwa ufundi wa lori. Bomba ambalo abiria hujishikilia nililifunga kwenye ukuta wa choo. Tairi kuukuu nililikata vipande nikavitandika bafuni, meno juu, nione atateleza nani. Kamba ya kufungia mizigo niliivuta kutoka mlango wa jikoni mpaka chooni, awe anaishika akitembea. Kioo cha pembeni, kile cha dereva kuangalia nyuma, nilikifunga dirishani, ili akiwa kitandani aone ni nani aliye langoni kabla hajahangaika kuinuka.

Kioo kilimpendeza kupita kiasi. Kufikia siku ya pili alikuwa anajua wageni wote wa jirani yetu Gatakaa, mama wa Kimeru anayeuza miraa, na kila mmoja alikuja na nini mkononi.

"Gatakaa amenunua sufuria mpya," akaniambia. "Mwambie nimeiona."

Lakini kioo hakimwinui mtu. Akianguka tena na mashine inasaga, nani atamsikia? Swali hilo lilininyima raha mpaka Jumatatu, nilipopiga honi kumfukuza punda barabarani, na jibu likanipigia kelele masikioni.

Honi ya lori langu ilikuwa na tarumbeta tatu. Ilianza chini kama ngamia anayekataa mzigo, ikapanda mpaka mbwa wa kule Burat, nje ya mji, wakaijibu. Mji mzima uliijua. Ikilia mara tatu, lori linaondoka, na atakayechelewa atangoja siku mbili. Jioni hiyohiyo niliing'oa nikaifunga juu ya paa la bafu, pamoja na betri ya akiba. Nikavuta waya na kuweka swichi mbili, moja kando ya kitanda, nyingine bafuni, chini kabisa karibu na sakafu, kwa sababu aliyeanguka hafikii juu.

"Hooyo, ukianguka, finya na usiachilie."

"Na nisipoanguka?"

"Usifinye."

"Kwa hivyo umeniletea kitu kizuri hivi, na mpaka nivunjike ndio nitumie?"

Nikamwambia ndiyo. Akaitazama ile swichi kwa uchu, nami nikajifanya sikuona.

Jumanne, kabla ya saa sita, Falis alishuka kwenye basi na viatu vya visigino. "Asalaam aleikum," akasema, akamkumbatia Hooyo muda mrefu, kisha akaniangalia vile anavyoniangalia tangu nikiwa na miaka minne. Nikamtembeza nyumba nzima nikiringa. Alishika bomba, akavuta kamba, akajiona kwenye kioo.

"Bile, umemweka mama yetu kwa gereji."

Akakunja mikono ya nguo akaanza kusafisha, na Falis akisafisha, hata kivuli hukimbia. Vile vipande vya tairi alivitoa bafuni akavianika juani, eti vinanuka. Sakafu akaisugua kwa sabuni mpaka ikang'aa. Halafu akafungua sanduku la bati na kuanza kukunja nguo za Hooyo, moja moja. Hooyo alikaa kitandani na tasbihi yake, anafuata kila nguo kwa macho. Nilihisi ulimi unaniwasha, nikaona heri niondoke kabla sijamtukana dada yangu mkubwa. Safari ya siku ile nilikuwa nimeisogeza mpaka saa tisa kwa ajili ya Falis, na abiria walikuwa wametawanyika sokoni wanakunywa chai. Nikaenda kupaka lori grisi. Falis naye, nilikuja kujua baadaye, alitoka kidogo kutafuta kamba ya kufungia sanduku.

Nilikuwa chali chini ya lori, grisi mpaka kwenye kope, niliposikia honi ya lori langu.

Nisikilize vizuri. Lori lilikuwa juu yangu. Nilikuwa naligusa. Na bado nikaruka kwenda kumkamata mwizi anayeliondoa! Kichwa kikagonga chuma hata nikaona nyota za mchana. Nilipotambaa nje, soko zima lilikuwa mbioni. Kosa langu ni kwamba sikumwambia abiria hata mmoja kuwa nimehamisha honi. Watu waliacha chai mezani. M'Ikiara alinipita na gunia la kabichi mgongoni, mzee wa miaka sitini, anakimbia kama ana deni. Nyuma yake akaja Nakiru, mama wa Kiturkana, akiburuta mbuzi watatu. Aliniona nimesimama kando ya lori lenyewe, akanipigia kelele:

"Bile, wewe! Kimbia! Gari inatuacha!"

Nami nikakimbia! Nilikimbia hatua kumi nzima kulifuata lori nililoliacha nyuma yangu, ndipo akili ikanirudia. Honi haikuwa inakoma. Finya na usiachilie. Hooyo! Kicheko kilinitoka mwilini chote, na kuanzia hapo nilikimbia kwelikweli.

Nilipofika, uwanja ulikuwa umejaa. Walikuwa kama watu thelathini, na mizigo, na mbuzi, na kuku waliofungwa miguu. Gatakaa alikuwa mbele, fungu la miraa la kupeleka Kulamawe kichwani, anazunguka nyumba.

"Gari iko wapi?" akauliza. "Habari gani hii? Honi iko, gari hakuna!"

Honi ikanyamaza. Sauti ya mama ikatoka bafuni, haitetemeki hata kidogo.

"Gari hakuna! Niko mimi! Nimeanguka! Wanawake waingie, wanaume wabaki nje, na hao mbuzi wasiguse mchele wangu!"

Gatakaa alitupa miraa chini, na mtu aliyemwona Gatakaa akitupa miraa chini aje anionyeshe. Yeye na Nakiru waliingia, wakamfunika Hooyo leso, wakamtoa wamembeba baina yao, wakamkalisha kwenye kiti. Miongoni mwa abiria alikuwepo Kaimenyi, mtu wa zahanati aliyekuwa anarudi kazini Kulamawe na mkoba wake wa dawa. Akamshika kifundo cha mguu, akakizungusha polepole, akasema hakuna mfupa uliovunjika, mguu umeteguka tu. Watu wakapiga makofi. Tangu honi ilie mpaka hapo, hazikupita dakika kumi.

Wa mwisho kufika alikuwa Falis, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, na kamba ya sanduku shingoni. Alimwona Hooyo, akaona uwanja ule, kisha akaona vile vipande vya tairi vimeanikwa juani. Uso wake ukabadilika.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye nimeosha na sabuni."

"Sakafu imeng'aa," Hooyo akasema. "Tangu baba yako afariki haijang'aa hivyo. Kuja ukae hapa."

Falis alikaa chini, akalia kwa sauti, visigino na vyote. Hooyo akamwacha alie kidogo, kisha akamuuliza, bila ukali: "Falis, kwako Nairobi nikianguka, na wewe umeenda duka, nani atakuja?"

Nitampa haki yake, dada yangu hadanganyi.

"Hooyo, jirani wa mlango wa pili hata jina lake sijui."

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," akasema M'Ikiara, aliyekuwa amekalia kabichi zake, na kila mtu akaitikia.

Chai ikapikwa kwenye sufuria mpya ya Gatakaa, ambayo Hooyo aliiomba kwa jina. Hapo abiria wakanigeukia. Gatakaa aliuliza, na kwa haki, sasa lori litaitaje watu kama honi iko juu ya bafu? Nikasema nitatafuta nyingine. Kelele! Hawakutaka nyingine. Nakiru ndiye aliyesema: honi ibaki, na mama awe anatuita yeye. Siku za safari, saa mbili asubuhi, apige mara tatu. Ikilia wakati mwingine wowote, wote waje.

"Na siku ya safari isipolia?" Falis akauliza.

"Tunakuja," Gatakaa akasema. "Hata bila mzigo."

Falis akafuta macho. "Mimi nangoja Alhamisi. Hooyo, ukipiga mwenyewe, saa yako, bila mtu kukukumbusha, narudi peke yangu. Usipopiga, tunaenda wote."

"Sawa," Hooyo akasema, akanyoosha kikombe aongezewe chai.

Alhamisi uvimbe wa mguu ulikuwa umepungua. Mke wangu, aliyelala kwake siku mbili, alifukuzwa mapema ili pasiwe na wa kumkumbusha. Falis akaketi kando yangu mbele ya lori, begi mapajani, basi la Nairobi likimngoja ng'ambo ya soko. Nyuma yetu abiria walikuwa wamejaa. Saa mbili ikafika. Kimya. Zikapita dakika tatu, kisha tano. Hakuna aliyelalamika, na hao ni watu wanaolalamika mvua ikinyesha na isiponyesha. Falis akanishika mkono, akanibana. Nilimwona Gatakaa kwenye kioo kilichobaki anashuka taratibu, anafunga leso kiunoni tayari kukimbia. Moyo wangu ulikuwa unasaga kuliko ile mashine. Niliomba, nasema wazi, niliomba kama mtoto.

Ikalia. Mara tatu, ndefu, zimejaa. Lori zima likashangilia. Kisha ikalia tatu nyingine. Kisha tatu tena, na zile za mwisho zilikuwa za anasa tupu.

"Amefurahi," Falis akasema, anacheka na machozi yanamtiririka. "Sikiliza jinsi amefurahi, Bile."

Akanibusu shavuni penye grisi, akashuka na begi lake, akavuka soko kwenda kupanda basi peke yake.