Wenyeji Saba Wameshuka

Jumanne moja ya mwaka 2014, saa kumi kasorobo alasiri, Swafiya alikuwa amesimama chumba cha nne cha jumba la makumbusho ya Amerika ya kale, huko Deira, Dubai, juu ya maduka ya jumla ya mablanketi. Kazi yake ilikuwa kuwakataza wageni wasiegemee vioo, na alikuwa ameifanya tangu saa mbili asubuhi. Mtoto wa Kirusi alikuwa ameacha alama ya pua kwenye kioo cha mkataba, na Swafiya alikuwa akiifuta kwa kitambaa, pale korongo aliponyanyua mguu mmoja, akautoa nje ya karatasi, kisha akautoa wa pili.

Korongo huyo alikuwa wa wino, ukubwa wa kidole gumba, na alikuwa saini ya mtu. Kibao kilieleza kwamba mwaka 1791 majenerali wawili na wenyeji saba walikaa kando ya mto mmoja huko Amerika, wakakubaliana kirafiki kwamba nchi yote kutoka mtoni hadi milimani iwe ya majenerali. Majenerali waliandika majina yao kwa madaha. Wenyeji walichora kila mmoja mnyama wa ukoo wake: korongo, kulungu, samaki, dubu, mbweha, bundi na kobe. Kibao kilitaja majina ya majenerali, na la farasi wa mmoja wao. Wenyeji kilisema tu kwamba walikuwa saba.

Korongo alipita katikati ya kioo bila kukivunja, akateremka kwa mguu wa meza na kukata zulia. Wenzake walimfuata kwa mstari, kobe akiwa wa mwisho. Walikwenda mpaka ukutani, kwenye ramani kubwa ya turubai, wakapanda hadi ulipochorwa ule mto, wakasimama ukingoni. Samaki aliingia majini. Swafiya alimaliza kufuta kioo, akabonyeza redio.

"Ignatius, chumba cha nne. Wenyeji wameshuka."

"Wangapi?"

"Wote saba."

Ignatius, mkuu wa zamu, alikuwa Mganda wa Masaka mwenye miaka tisa ya ulinzi Dubai, na alikuwa ameona mengi kwenye majengo ya watu. Alikuja na fomu ya tukio. Fomu ilikuwa na visanduku vinne: maji kuvuja, wizi, mtoto kupotea, mengineyo.

"Sister, weka tiki kwa mengineyo," alisema. "Na usisahau saa. Hawa wakubwa wanapenda sana saa."

Tangu siku hiyo wanyama walishuka kila alasiri saa ile ile, na jioni kabla ya kufunga walirudi wenyewe mahali pao. Wageni waliwapiga picha, wakadhani ni sehemu ya tiketi. Bibi mmoja aliuliza kama kuna onyesho la pili kwa waliochelewa.

Si kwamba jumba hilo lilikosa mengine ya kutazama. Chumba cha kwanza kilikuwa na meza ya karamu, wazungu upande huu na wenyeji upande ule, bata mzinga wa plastiki katikati, wote wakicheka. Cha pili kilikuwa na hema la ngozi ambamo mgeni alipigwa picha akiwa amevaa taji la manyoya lililotoka Guangzhou kwa kontena. Cha tatu kilikuwa na maandishi marefu yaliyoeleza jinsi wenyeji "walivyohamia magharibi". Swafiya alipoyasoma mara ya kwanza alidhani walikuwa wamepata kazi huko.

Yeye mwenyewe alikuwa wa Kisauni, Mombasa. Wakala alimsainisha pale Mombasa mkataba wa kazi ya mapokezi, saa nane kwa siku, na likizo ya kwenda nyumbani baada ya miaka miwili. Alipofika, akiwa bado na sanduku miguuni na usingizi wa ndege machoni, alipewa karatasi nyingine kwenye foleni ya watu kumi na mmoja, akaambiwa yalla, haraka, saini hapa, watu wanangoja. Akasaini. Karatasi hiyo ilisema mlinzi, saa kumi na mbili, na likizo baada ya miaka mitatu. Paspoti ilichukuliwa kwa ajili ya viza, ikabaki kwenye droo ya ofisi, na alipoiuliza aliambiwa hapo ndipo penye usalama.

Alikuwa na binti wa miaka mitano, Ikhlas, aliyemwacha hajafikisha minne. Ikhlas alilelewa na bibi yake na Hind, mdogo wake Swafiya. Siku za mwanzo alilia kwenye simu. Siku hizi alikuwa akimwita Hind mama, na Swafiya alikuwa akiitwa mama wa simu, kwa adabu kabisa, kama mtu anavyomtaja mama wa jirani. Miaka miwili ingetimia Desemba, na Januari mtoto angeanza darasa la kwanza. Swafiya alitaka kufika kabla ya hapo amshike mkono ampeleke mwenyewe. Aliyaona mambo waziwazi: akikosa Desemba hii, mwakani atakuwa mgeni mwenye zawadi.

Mwezi wa kumi meneja, Raed, alipata barua pepe iliyomtoa ofisini. Mkataba ule wa majenerali ulikuwa wa kuazima. Wenyewe huko Amerika walikuwa wanamtuma mkaguzi, Madam Pauline, aje auhakiki, na Madam Pauline angefika siku ya Alhamisi saa kumi kamili. Mkataba usio na saini za wenyeji, barua ilikumbusha, haulipiwi bima.

Raed hakukaa bure. Aliweka kioo cha pili juu ya cha kwanza, wanyama wakapita. Akaizungushia meza utepe, wakapita chini ya utepe, bundi akapita juu. Akaifunika ramani kwa shuka, wakakaa ndani ya shuka. Ignatius ndiye aliyemwambia kwamba wale wanyama wana masikilizano na Swafiya, maana yeye kabla ya kufuta kioo chao hupiga hodi. Swafiya hakuona ajabu. Mtu haingii penye watu bila hodi. Bundi tu ndiye ambaye Swafiya hakuwa akimtazama sana, kwani kwao bundi hatazamwi, lakini hata yeye alimsalimia.

Raed alimwita, Ignatius akiwapo.

"Swafiya, you are like my sister," alisema. "Alhamisi wakae kwenye karatasi. Saa moja tu. Ukifanya hivyo, Desemba unakwenda kwenu. Paspoti mkononi mwako. Wallah."

"Sir, naomba uniandikie."

Raed akaonekana kuumia. "Karatasi ya nini? Sisi hapa ni familia."

Alhamisi saa tisa na nusu Swafiya alifunga mlango wa chumba cha nne, akapiga hodi kwenye kioo, akapiga magoti mpaka macho yake yakawa sawa na ya korongo. Alikuwa na nakala ya mkataba wake, akawasomea wote, kifungu hadi kifungu, na palipomshinda Kiingereza akaruka. Kisha akawaambia habari za Ikhlas.

"Wazee wangu," alisema, "najua hapo mlipo hamkupataka. Mimi pia hapa nilipo nilipasaini bila kupajua. Nawaomba leo msishuke. Nimuone mwanangu tu, kisha fanyeni mtakavyo."

Alihisi aibu alipokuwa akisema, kwa sababu alijua anawaomba nini. Korongo aliinamisha shingo. Saa kumi kasorobo ilipofika aliinua mguu kwa mazoea, akausimamisha hewani, halafu akaurudisha karatasini. Hakuna aliyeshuka.

Madam Pauline alikuja na lenzi na glavu nyeupe. Alihesabu saba, akahesabu tena, akaandika kwamba alama zimetunzwa vizuri na zina uhai. Aliwashukuru wote kwa ushirikiano. Kisha akapelekwa kula samaki.

Kesho yake Swafiya alikwenda kwa meneja kuulizia tarehe ya safari. Raed alikuwa mkunjufu. Alimfungulia faili, akaweka kidole penye kifungu cha tisa, miaka mitatu, na chini yake saini ya Swafiya yenye S ndefu ya mkia, ile aliyojifundisha darasani akiwa shule ya msingi.

"Sir, ulisema."

"Nilisema, na kwa moyo. Lakini mkataba ni mkataba, mimi nifanye nini? Mwaka mmoja tu. Khalas, utapita."

Swafiya alirudi chumba cha nne. Hakulia, maana mlinzi akilia kuna kisanduku chake kwenye fomu nyingine. Mara hii alifuta kioo cha wanyama bila kupiga hodi.

Saa kumi kasorobo wanyama waliteremka. Sita walikwenda kwenye ramani. Korongo alikata kushoto, akafuata korido, akapita chini ya mlango wa ofisi. Baada ya dakika kumi hivi alirudi, na nyuma yake ilikuja saini ya Swafiya, ikitembelea mkia, polepole kidogo kwa kuwa haikuwa na mazoea. Ilipanda ukutani, ikavuka mto, ikakaa kwenye nyasi karibu na dubu. Jioni ilipofika hakuna aliyerudi, si wanyama wala saini.

Karani wa wafanyakazi alikuwa Bwana Shihab, mzaliwa wa papo hapo Dubai, wa watu wa Unguja. Ofisi yake ilikuwa karibu na vyoo, na droo ya paspoti ilikuwa mkono wake wa kulia. Swafiya alimwomba atoe mkataba wake. Shihab aliutoa, akaunyanyua kwenye mwanga.

"Kweli, haipo," alisema. "Na imeondoka vizuri, haikuwacha hata doa."

"Basi mimi sina mkataba na nyinyi. Nipe paspoti yangu, Bwana Shihab."

"Bi Swafiya, ingekuwa mie, ningekupa sasa hivi na chai juu yake." Akakigeuza kioo cha kompyuta. Palikuwa na picha ya mkataba, na saini iko pale, mkia na vyote. "Tuliupiga picha siku ile ile ulosaini. Hii ndo inohesabiwa. Karatasi twaweka kwa heshima tu."

"Na mwenyewe nikisema sikubali?"

"Ungelisema siku ile."

"Siku ile sikujua kilichoandikwa."

"Hakuna anojua," Shihab alisema kwa upole. "Babaangu katia saini fomu ya kusubiri uraia mwaka sabini na mbili. Saini yake haijatoka karatasini hata nukta."

Raed naye alikuwa na picha ya mkataba wa wenyeji. Aliipeleka kuchapishwa kwa rangi, ikawekwa ndani ya kioo mahali pa mkataba, na wanyama wa picha hawakwenda popote. Wageni waliipenda zaidi kwa kuwa ilisomeka. Akiwa mtu mwangalifu alimwandikia Madam Pauline kumweleza kwamba wenyeji wamejitoa. Madam Pauline alijibu kwamba hakuna neno, kwa kuwa ile nchi ilishajengwa. Aliomba tu karatasi yenyewe, ikiwa tupu hivyo hivyo, ifungwe vizuri irudishwe wakati wake. Wafanyakazi wapya wakaanza kusaini kwa kidole kwenye tableti, na watu wa makao makuu wakampongeza Raed kwa kwenda na wakati.

Desemba ilikuja na watalii wengi. Wanyama saba na saini moja walikaa kwenye ramani mchana kutwa, na pembeni yao pakawekwa kibao kinachoomba wasiguswe. Swafiya aliwatazama kwa wivu mara nyingine. Mara nyingine alifurahi kwamba kuna kitu chake, japo kidogo, kilichofika penye maji na nyasi.

Wiki ya mwisho ya mwaka mamake alimtumia picha ya fomu ya shule. Ikhlas amepata nafasi, mwalimu mkuu anataka saini ya mama mzazi, isainiwe ipigwe picha irudishwe, Jumatano ndiyo mwisho. Shihab alimchapishia bila maswali. Swafiya aliiweka juu ya meza ya walinzi, akaandika tarehe, ikatoka. Akaandika jina kwa herufi kubwa, likatoka. Akatia saini, kalamu ikapita, karatasi ikabaki nyeupe. Alibadilisha kalamu mara tatu. Akaenda mpaka kwenye ramani, akapiga hodi, akaiita saini yake taratibu, kisha akaisihi. Saini ilikuwa imeketi na wenzake. Ilimgeukia, na ikabaki ilipo.

Alimpigia mamake, akamweleza.

"Haya, mwanangu," mamake alisema. "Tutafanyaje sasa? Hind yuko hapa. Atatia yeye."

Jumatano picha ilimfikia akiwa kazini. Palipoandikwa mama mzazi palikuwa na saini ya Hind, ya wino wa buluu, imekaa sawasawa juu ya mstari. Ignatius alimfumbia macho kuhusu simu. Swafiya aliikuza picha, akaiangalia, akingoja ile saini inyanyue mguu. Wageni waliegemea vioo na hakuwakataza. Ilipofika saa kumi na moja saini ya Hind ilikuwa bado iko pale pale, haijatikisika.