Bosco Hatupwi Shimoni

Eucabeth alichimba kimyakimya nyuma ya chumba alichopanga, leso kiunoni, jembe la kuazima mkononi. Bosco, mbwa wake, alikuwa ndani ya gunia kando ya ukuta. Pikipiki ilikuwa imemgonga asubuhi hiyo, na hapa Macalder mbwa akifa hufungwa kamba mguuni, akaburutwa hadi shimo lililoachwa na wachimba dhahabu, akatupwa. Basi, yamekwisha.

Lakini ukingoni mwa shimo hilohilo, mwaka jana, Bosco alimng'ang'ania bintiye, Bosibori, gauni kwa meno, akavuta mpaka mtoto akaanguka chali, akilia, mzima. Alikuwa na miaka mitatu tu. Eucabeth alipofika mbio alikuta zimebaki hatua mbili. Leo ndiyo amrushe humo? Thubutu!

Kosa lake lilikuwa ule ukimya. Macalder mtu hachimbi kimya bure.

"Mama Bosi!" Linet, jirani yake, alichungulia juu ya ua. "Umegonga dhahabu na hata husemi?"

"Dhahabu gani? Acha zako, Linet."

"Haya, ficha. Gunia tumeliona."

Jasho halijamkauka, watu walikuwa wamejaa. Ondieki mchimbaji alishapiga magoti, anatemea udongo mate na kuusugua kiganjani. Nyuma yao akaja mwenye ploti, mzee Odhiambo, fimbo mbele.

"Jaduong', mzee wangu, ni mbwa tu," Eucabeth alisema kwa aibu. "Nazika mbwa."

Wakaangua kicheko. "Hiyo hadithi peleka Isebania, shemeji," Ondieki alisema.

Ndipo alipoelewa: akifukia hivi, kesho Bosco atakuwa ameshafukuliwa na wasaka dhahabu. Aibu ikamtoka yote. Akalifungua gunia.

"Haya, njooni! Kila mtu aangalie. Wewe Ondieki, shika mguu huu. Ni dhahabu?"

Ondieki akarudi nyuma. Linet akajiziba mdomo.

"Mpeleke shimoni kama wengine," mzee alisema. "Kaburi la kwanza kwenye ploti yangu liwe la mbwa? Watu watasema nini?"

"Waseme, Jaduong'. Lile shimo lilimtaka mtoto wangu, huyu akalinyima. Leo na mimi nalinyima huyu. Ukitaka nihame, nitahama, lakini nitakuwa nimeshamzika."

Mzee akamtazama Bosibori, aliyechuchumaa akimfukuza nzi sikioni mwa Bosco. Akakohoa.

"Basi ongeza kina. Hapo fisi atakucheka."

Eucabeth akainua jembe, na safari hii hakuchimba kimya. Aliimba ule wimbo wa kanisani wa kuwaaga wafu, kwa sauti ya kufika sokoni. Linet, macho chini, ndiye aliyeanza kuitikia.

Alipomaliza kufukia, hakusawazisha udongo. Aliacha tuta, kubwa, lionekane kutoka barabarani.