Kiganja Chini ya Malaika

Sisi na akina Kreszenz hatujawahi kuelewana kuhusu yule malaika. Yuko juu kabisa kwenye dari la kanisa la monasteri, kashika tarumbeta, mashavu yamemvimba. Bibi yangu aliapa kwamba mchoraji alimchora mtoto wa ukoo wetu. Bibi yake Kreszenz aliapa ni wa kwao. Basi kila sikukuu ya Bikira Maria ya Agosti tunasukumana mlangoni na mashada yetu ya majani ya dawa, maana ukoo wa malaika ndio unaotangulia kubarikiwa. Vikongwe wawili, na bado tunapigana viwiko!

Mwaka huu watawa walijenga jukwaa wasafishe dari, na Bruda Korbinian akaturuhusu kupanda kuchungulia. Kreszenz akaitazama ngazi, akashika magoti yake.

"Panda wewe, Burgl. Ukiiona pua uniambie ukweli. Nakujua kwa uongo."

"Pua ya kwenu ingeziba dari lote," nikamjibu, nikapanda.

Tangu utoto nimemtazama huyu kwa chini, shingo ikiniuma. Nilipomfikia, loo! Hana uso. Michirizi ya rangi, doa jekundu la mdomo, basi. Kumbe alichorwa aonekane kwa mbali tu. Nilikasirika nusura nimzabe kofi.

"Hebu tazama hapa mguuni," Bruda akasema, akasogeza taa.

Kiganja cha mtoto, kimezama kwenye lipu. Alikibandika ikiwa bado mbichi, mtundu yule aliyekuwa akichorwa, wakati mchoraji kageuka. Vidole vimenyooka vyote isipokuwa cha mwisho, kimepinda kwa ndani.

Kidole hicho nakifahamu. Kreszenz anacho, mama yake alikuwa nacho. Shuleni nilimcheka kwa hicho hicho mpaka akalia. Nikakipapasa, nikiomba kiwe ufa. Hakikuwa ufa.

"Vipi huko?" Kreszenz akapaza sauti toka chini. "Mbona kimya? Pua ya nani?"

Bruda hakujua lolote, na Kreszenz na magoti yale asingepanda. Nilishuka taratibu, huku natunga la kumwambia. Ngazi ya mwisho nikateleza, naye akanidaka mkono, kidole chake kilichopinda kikaning'ang'ania.

"Uso hana," nikasema. "Haya, panda, mjinga wee. Nitakusukuma matako mpaka juu."

"Nikaone nini sasa?"

"Mkono wako."