Posa ya Jumamosi

"Mambo mepesi kwanza," alisema Allen, akivuta bakuli lake la mtori. "Jumapili ibada, baada ya ibada mpira, baada ya mpira usingizi. Jumamosi ndiyo yenye miiba. Haya, Mangi, tupe amri za safari."

Abdiel alicheka, akajifuta mdomo kwa leso yake mwenyewe. Walikuwa watatu, nao walizoea kukutana hivyo katika hoteli ya Mama Agnela, Kaloleni, kila Ijumaa baada ya kazi. Shule ya bweni ndiyo iliyowakutanisha: Abdiel, Mchaga wa Machame, sasa mwenye duka la vipuri vya magari, Allen, Mmeru, kiongozi wa watalii, na Solomoni, Mwarusha wa Oldonyo Sambu, mthibiti ubora wa shule, ambaye walimu wa wilaya nzima walijua kwamba hana subira na aliyechelewa wala huruma kwa aliyedanganya. Shuleni kwao walifundishwa kwamba neno la mtu ndiye mtu mwenyewe. Wengine waliliacha fundisho hilo getini siku ya kuondoka. Solomoni aliondoka nalo.

"Tunaondoka asubuhi na mapema," alisema Abdiel. "Gari la Allen. Sukari na majani ya chai viko dukani kwangu. Blanketi la mama mtu nimenunua, shuka la baba mtu nimenunua. Suti yangu iko kwa dobi."

"Suti, kwenye vumbi lile? Utafika umegeuka rangi ya ndama."

"Mtu haendi kuposa amevaa kama anakwenda mnadani."

"Na mshenga wetu avae nini?"

"Mshenga avae ulimi wake," alijibu Abdiel, akimgusa Solomoni bega.

Kazi hiyo Solomoni alikuwa ameikubali kwa moyo mweupe. Abdiel alimpigia simu juzi tu: nimepata mtu, Mungu amenikumbuka, ni binti wa huko kwenu, nataka wewe uniposee. Jina hakulitaja. Alishikilia msimamo wa baba yake kwamba jina la mwanamke halitembezwi mitaani kabla ya posa, na Solomoni, aliyewaheshimu watu wenye misimamo, hakumdadisi. Tangu Abdiel afiwe na mkewe, mama wa mtoto wao Princess, nyumba yake ilikuwa kama bweni wakati wa likizo. Kusikia kwamba mtu huyo amepeleka suti kwa dobi lilikuwa jambo la kumshukuru Mungu.

"Basi mtaje sasa," alisema Allen. "Au kesho nisimamishe gari njiani, niwaulize wachunga mbuzi kama kuna anayetaka kuolewa huku?"

Abdiel aliinama mbele, akashusha sauti. "Anaitwa Naipanoi. Anafundisha shule ya msingi Maji ya Chai. Baba yake ni Lemburis."

Kijiko cha Solomoni kilisimama katikati ya bakuli.

"Lemburis yupi?" aliuliza. "Wako wawili. Yuko wa kule kwenye josho, mzee sana. Yuko wa karibu na kanisa."

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, huku moyoni akiomba awe yule mzee wa kwenye josho.

"Wa karibu na kanisa. Na hapo ndipo penye raha yenyewe." Macho ya Abdiel yaling'aa. "Huyo si mgeni kwangu. Ni wa rika la Korianga, kama wewe, kama mimi. Alikuwa miongoni mwa waliokuja kwetu Machame kwenye msiba, ingawa siku ile sikuona sura ya mtu. Nilimpigia simu kumwambia kwamba kesho nakuja na wenzangu kumsalimu, mimi yule Korianga wa Kichaga. Bwana wee, alifurahi. Anachinja. Sasa niambie, rika atamnyima rika mwenzake?"

"Umemwambia kinachotupeleka?"

"Nimwambie mimi, wakati nina mshenga?"

"Na binti? Anajua kwamba wewe ni Korianga?"

"Hajui. Mwanamke utaanzaje kumhadithia nyama mliyokula msituni mkiwa vijana? Nilitaka alisikie hilo kesho, mbele ya baba yake. Iwe zawadi."

Solomoni alisukuma bakuli lake kando. Jambo lote lilianzia kwake. Likizo ile ya baada ya mtihani wa kidato cha nne, yeye ndiye aliyemchukua Abdiel nyumbani kwao, yeye ndiye aliyempeleka olpul, kambi ya vijana wa rika ndani ya msitu wa mlima Meru, wanakochinja na kula nyama kwa supu ya mizizi, mbali na macho ya wanawake. Abdiel alikula nao, akalala nao, na wazee wakasema aliyekula nyama ile ni wa rika lile, awe amezaliwa wapi. Miaka mingi baadaye, alipofiwa na mkewe, wazee walimwuliza Solomoni: huyu Mchaga alikula kweli? Akajibu, alikula. Kwa neno hilo moja Wakorianga walikwea lori na ng'ombe wa rambirambi, wakaenda Machame, wakalala matangani kwenye baridi kama ndugu wa tumbo moja.

Lakini hakuna aliyekumbuka kumfundisha mgeni sheria. Na sheria ambayo mtoto wa Kiarusha huinyonya pamoja na maziwa ya mama yake ni hii: binti wa rika mwenzako ni binti yako.

"Mimi nataka kujua habari ya mbuzi tu," Allen alikuwa akisema. "Nikae upande gani ili nipate ubavu? Laigwanani, mzee wetu wa mila, wewe ndiye mwenyeji, nifundishe."

Lakini Solomoni alikuwa akiiona kesho. Alijiona amesimama mbele ya Lemburis, damu ya mnyama haijakauka, akimwambia kwamba ndugu uliyemchinjia amekuja kukuomba mtoto wenu. Aliwaona wazee wakiinuka mmoja mmoja bila kuaga. Abdiel angerudi mjini kwenye duka lake. Naipanoi ndiye ambaye jina lake lingebaki kule, likizungushwa sokoni kila siku ya gulio, binti aliyetaka kulala na baba yake.

"Abdiel," alisema. "Kesho hatutaposa."

"Kwa nini? Una safari ya kikazi?"

"Binti wa Lemburis ni binti yangu. Kwa sababu hiyo ni binti yako."

Abdiel alitabasamu, akingoja mwisho wa mzaha. Allen alimtazama Solomoni usoni, akaweka kijiko chini.

"Mangi," alisema Allen taratibu, "huyu hatanii."

Solomoni alieleza. Alieleza kama alivyozoea kuandika taarifa zake za ukaguzi, hatua kwa hatua, bila kupamba, kwa maana aliogopa kwamba akitafuta maneno laini sauti itamsaliti. Alipofika kwenye habari ya kambi ya msituni, Abdiel alikuwa amekwisha kuacha kutabasamu.

"Mimi ni Mchaga," alisema Abdiel.

"Ni kweli."

"Ni Mlutheri. Mchungaji hana habari za rika. Atatufungisha ndoa."

"Atawafungisha. Nani atakaa upande wa bibi harusi?"

"Watu wa mjini hawayajali haya."

"Lemburis haishi mjini. Na mwaka ule wa msiba hukusema u mtu wa mjini."

Abdiel aliinamisha uso. Mama Agnela alikuja kuuliza kama waongezewe chai. Allen alimwonyesha kwa mkono kwamba hapana.

"Kwa nini hukuniambia?" Abdiel aliuliza hatimaye. "Miaka yote hii."

"Ulikuwa na mke. Halafu ukawa na msiba. Sikuona siku ya kukuambia usiwaoe mabinti zetu." Kisha Solomoni akaongeza, "Ningepaswa kuona."

"Hakuna mlango wowote?"

Solomoni alitazama nje, ambako mashabiki waliokuwa wakitoka uwanjani walipita wakibishana. Mlango mmoja ulikuwapo, na ufunguo wake ulikuwa kinywani mwake. Tangu jina la Lemburis litajwe alikuwa akiuona, akiomba asiulizwe.

"Sheria hiyo haina mlango," alisema, na ilikuwa kweli, ingawa haikuwa kweli yote.

"Na yule mzee anayechinja?"

"Tutakwenda. Tutakula. Tutampa sukari yake na shuka lake."

"Na blanketi?"

"Na blanketi. Ni mke wa rika lako."

Abdiel alichukua simu yake mezani. "Basi nimwambie sasa. Asije akatoka Maji ya Chai kesho amevaa vizuri, akiwa na matumaini." Hakuinuka. Alipiga pale pale, mbele yao, kama mtu aliyeogopa kubaki peke yake. Alisema maneno machache: Korianga, nyama, Solomoni, baba yako. Kisha akasikiliza kwa muda mrefu, akamnyooshea Solomoni simu.

"Anakutaka wewe."

Solomoni aliipokea. Aliiweka sikioni.

"Shikamoo baba," ilisema sauti. Ilikuwa sauti ya mwalimu, iliyozoea kufika dawati la nyuma, lakini sasa ilikuwa imepungua.

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, niwie radhi nikiuliza. Waliomwona akila ni nani?"

"Waliokuwa nasi wametawanyika. Wengine wametangulia mbele ya haki."

"Kwa hiyo wazee wameshika neno la nani?"

Alifunga macho. "Langu."

"Basi ukisema hakula," alisema Naipanoi polepole, "hakula."

Abdiel alikuwa akimtazama. Hakuweza kusikia swali, lakini Solomoni aliona kwamba amelijua. Na lililomuumiza zaidi ni kwamba hakumwomba kitu, wala kwa jicho. Ingetosha kusema, nilikosea, nilimpenda rafiki yangu nikawadanganya. Wazee wangemtoza faini, wangemdharau, wangemzika siku moja kwa maneno machache. Rafiki yake angekuwa na mke. Lakini wale waliokesha Machame, wamejifunika mashuka yao kwenye ukungu, wangekuwa wamemlilia mke wa mtu wasiyemjua kwa sababu ya uongo wa Solomoni, na Abdiel angelijua hilo kila asubuhi akiamka karibu na mwanamke huyu. Aliwaza hayo, kisha akashuku kwamba anawaza hivyo kwa ajili ya kiburi tu. Muda wa kuyachambua haukuwapo. Naipanoi alikuwa akingoja.

"Alikula, mwanangu," alisema. "Nilimkatia kwa mkono wangu."

Upande wa pili ulipita mngurumo wa basi la barabara kuu, ukaja, ukaisha.

"Asante kwa kunijibu," alisema Naipanoi. "Mpe simu."

Solomoni alimrudishia Abdiel. Hakuthubutu kumtazama, akamtazama Allen, naye Allen alikuwa akichungulia bakuli lake tupu.

"Naipanoi," alisema Abdiel.

Alisikiliza. Neno aliloambiwa lilikuwa fupi, kwa maana lilimfika mara moja: bega lake lilishuka, mkono wake wa kushoto ukatafuta ukingo wa meza, ukaushika. Allen alinyanyuka nusu, kama mtu anayetaka kudaka kitu, akakaa tena.

"Marahaba," alisema Abdiel.