Kisanduku Juu ya Paa la Shemeji

Mume wangu ni fundi wa mitambo ya redio, na ana kichwa kigumu ajabu. Nampenda hivyo hivyo.

Wifi yangu alikuwa ametoa neno: kama mama yao hatapata njia ya kutuita akizidiwa, Jumamosi anamhamishia kwake, mbali. Mama hakutaka kabisa kuiacha nyumba yake. Mume wangu akamtengenezea kitufe cha kuvaa shingoni, akikibonyeza kengele ilie kwetu. Lakini kati yetu kuna kilima, na mawimbi hayakivuki. Ilibidi apate nyumba ya kuweka kisanduku cha kupokea mawimbi ya mama na kuyarusha kwetu.

Akachagua ghorofa la jirani yetu. Mama akabonyeza. Kimya! Kisanduku kilitusikia sisi vizuri mno, mama kwa mbali sana. Akakihamishia kwa jirani wa mama, ikawa kinyume chake.

“Si wewe uliyeniambia mtu asiangalie upande wenye nguvu?” nikamchokoza. “Chagua nyumba ambayo hata upande wake dhaifu unatosha. Ipo moja pale kilimani.”

Akanuna. Ni ya mdogo wake, seremala, na hawakuwa wamesemeshana tangu walipogombana kwenye msiba wa baba yao.

“Pale ni wastani tu,” akasema. “Pande zote mbili.”

“Ndiyo tunachotaka, mume wangu. Au mama aanze kufunga mizigo?”

Ijumaa akameza kiburi chake, akaenda. Shemeji alifungua mlango, akamtazama, akaenda kuleta ngazi. Walifanya kazi bila neno, ila “shika” na “kaza”. Kwa kuwa mawimbi yanapitia kwake, na yeye alifungiwa kengele. Mama alipobonyeza, nyumba yetu ilijaa kelele, nami nikalia kwa furaha.

Haijapita wiki, kengele ikalia asubuhi. Tulitoka mbio, mume wangu ana kiatu kimoja. Mlangoni kwa mama tukapamiana na shemeji, anahema, vumbi la mbao kichwani.

Mama alikuwa mezani, mzima wa afya, anamimina chai.

“Mama, hicho si kitu cha kuchezea!” mume wangu akafoka.

“Nani anacheza? Mlisema nikibonyeza mtanisikia wote wawili. Nimewaita. Kaeni.”

Shemeji akamvutia kaka yake kiti.