Kitambaa Alicholalia Klepon

Warsini alimwingiza paka kiwandani ndani ya kikapu cha chakula, chini ya taulo. Jirani yake alikuwa ametega sumu ya panya shambani kwake, na paka wawili wa mtaani walikuwa wamekwisha kufa wiki ile. Klepon, paka wa rangi tatu mwenye mkia mfupi uliopinda, ndiye pekee aliyebaki naye nyumbani tangu mumewe aende Kalimantan kutafuta kazi na kusahau njia ya kurudi. Angemwacha afe? Ila Bu Hartini, mama mwenye kiwanda cha batiki, alikwisha kusema tangu siku ya kwanza: hapa pana nta na moto, mnyama haingii.

Basi Klepon akashinda stoo, nyuma ya majora ya vitambaa, siku tatu nzima, mtulivu utadhani analipwa. Siku ya nne, wenzake walipokwenda kusali adhuhuri, Warsini aliingia kumpa samaki, akamkuta juu ya meza. Alikuwa amelala usingizi wa pono juu ya kitambaa cha Mbah Ponirah, kilichokwisha kuchorwa kwa nta.

Mbah, yaani bibi, ndivyo alivyoitwa Ponirah, na alikuwa bibi wa kiwanda kizima. Kitambaa kile alikichora miezi miwili kwa kalamu yake ya nta, kwa ajili ya bibi harusi mmoja wa mjini. Kitambaa cha harusi alikifanya kama mama yake alivyomfundisha: kwanza siku tatu za wali mweupe na maji, bila chumvi, kisha asiguse kalamu siku yenye hasira, kwa kuwa moyo wa mchoraji, alisema, hutiririka pamoja na nta. Wasichana walimcheka akigeuka. Mbele yake hakuna aliyethubutu.

Warsini alimwondoa paka, akakinyoosha kitambaa, akakiinua kwenye mwanga. Hakuona kitu. Akamshukuru Mungu, akafunga mdomo wake.

Lakini nta hutunza siri mpaka kitambaa kiingie kwenye rangi. Kesho yake kilipotolewa kwenye pipa la nili, katikati palikuwa na duara la mistari ya buluu, myembamba kama nywele, pale rangi ilipopenya kwenye nyufa.

"Mbah, hii nini tena?" aliuliza Bu Hartini kwa upole, na upole wake ndio uliotisha.

"Nta imepasuka, Bu."

"Si naona! Nauliza imepasukaje."

Mbah Ponirah alipitisha kidole juu ya mistari. "Ni mimi. Siku niliyochora hapa katikati, asubuhi yake niligombana na mkwe wangu. Nikajiambia, aah, kahasira kadogo tu. Kumbe!"

"Au ni macho, Mbah. Umri nao umekwenda. Nenda nyumbani ukapumzike. Nitakuita."

Kila mtu alijua kwamba hataitwa. Warsini alisimama hatua tatu tu kutoka pale. Sema, alijiambia, sema sasa hivi. Akafungua mdomo, akasema, "Pole, Mbah." Alijichukia kabla hata hajamaliza.

Wiki moja alikula bila kusikia ladha. Mwishowe akampelekea bibi tempe ya soya na mboga, kana kwamba chakula kingesema kwa niaba yake. Mlangoni alipokewa na mkwe, uso umemnawiri.

"Umesikia? Amenipigia magoti, huyu! Mbele ya majirani! Miaka kumi na moja ananiita mvivu, leo ananiomba msamaha ili moyo wake usafike. Karibu, karibu ndani!"

Mbah alikuwa kitandani, mdogo kuliko alivyokuwa kiwandani. Alitoa kalamu yake ya shaba kwenye kitambaa, mpini umelainika kwa miaka ya vidole vyake.

"Ichukue, binti. Mkono wako umetulia na moyo wako msafi. Mimi wangu siuamini tena."

Warsini aliipokea. Akaondoka haraka, akalia njia nzima.

Asubuhi akaenda kwa Bu Hartini na kueleza yote mbele ya wenzake: kikapu, stoo, paka. Bu Hartini akamshika bega.

"Warsini, roho yako nzuri mno. Unajitwika kosa ili bibi arudi. Paka gani? Nani kamwona?"

"Angekuwa mwingine," alisema mwenzake mmoja akijifuta macho, "angekaa kimya."

Maneno yale yalimchoma kuliko tusi.

Siku iliyofuata aliingia kwa mlango wa mbele, Klepon mikononi na Mbah Ponirah nyuma yake, aliyekuja baada ya kubembelezwa sana. Warsini akatandika mezani kitambaa chake mwenyewe, kazi ya wiki tano, nta yote imekwisha kuchorwa, akamweka paka juu yake. Klepon, asiyejua haya, akakanyagakanyaga, akazunguka mara tatu, akajikunja.

"Umerukwa na akili?" Bu Hartini alipiga kelele. "Kitambaa chako hicho!"

"Mwacheni alale."

Baada ya adhuhuri wakakitia kwenye nili. Kilipotoka, katikati palikuwa na duara lilelile la mistari ya buluu. Mbah Ponirah aliinama, akaweka kiganja juu ya duara.

"Kwa hiyo siku zote hizi, moyo wangu haukuwa na kosa?"

"Haukuwa na kosa, Mbah."

"Nimempigia magoti yule mwanamke bure!" Mtu mmoja akacheka, akakoma. Mbah alinyoosha mkono, na Warsini akamrudishia kalamu. Bibi akaipangusa kwa nguo yake, taratibu, ncha na mpini.

"Na nilipokupa hii, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Mbah."

Mbah Ponirah alitikisa kichwa, akaenda kwenye kigoda chake, akawasha jiko chini ya kikaango cha nta. Warsini alibaki amesimama, akisubiri atukanwe. Hakutukanwa.